Kidole cha Mama na Kile Kidude cha USB

Najua nimepotea kitambo, kazi ziliniandama kama nyuki. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha wala programu mpya ya kusifia. Nina kisa cha kidude kimoja kidogo, hakizidi ukucha wa kidole gumba, ambacho unakichomeka kwenye tundu la USB, halafu badala ya kuandika nywila unagusa tu na kompyuta inafunguka. Kisomaji cha alama za vidole. Nilikinunua shilingi 2,500 pale Luthuli Avenue, baada ya kubishana na muuzaji aliyeanzia 4,000. Sikukinunua kwa ajili yangu. Kilikuwa cha mama yangu, na nilidhani kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

Lakini kwanza niwaeleze kwa nini mkulima wa chai anahitaji kitu kama hicho.

Mama yuko Murang'a na ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Chama ni kile mnachokijua: kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 1,000, wengine wanalipa kidogo kidogo, wengine wana mikopo, kuna faini za kuchelewa, kuna pesa za matanga. Kwa miaka mingi aliandika kila kitu katika kitabu kikubwa cheusi. Mimi, kwa kiherehere cha kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya kompyuta, nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani. Nikampelekea laptopu yangu ya zamani, nikamtengenezea lahajedwali la Excel, nikamfundisha kujaza. Alijifunza haraka kuliko nilivyotarajia. Nikamwekea na nywila kali kweli kweli: herufi kumi na mbili, kubwa na ndogo, namba, na alama ya mshangao mwishoni. Nilijivunia nywila ile.

Mama aliiandika kwa kalamu juu ya kipande cha plasta ya kufungia kidonda, akakibandika chini ya laptopu.

Sasa msimcheke. Mimi mwenyewe nimewahi kukuta nywila ya seva ya kampuni nzima imebandikwa pembeni mwa skrini, na waliofanya hivyo walikuwa na shahada kama yangu. Mtu akipewa kitu asichoweza kukumbuka ataandika mahali. Kosa lilikuwa langu niliyemtungia nywila ya roboti.

Basi, Agosti 2024 nikapigiwa simu usiku. Si kawaida ya Mama kupiga usiku. Akanieleza kwamba mkutanoni mchana ule, mwanachama mmoja, mama tunayemjua tangu tukiwa watoto, alisimama akasema pesa zake zimeliwa. Karatasi niliyowafundisha kuchapisha ilionyesha ametoa shilingi 3,500 mwaka huo, naye alikuwa ametoa 8,000. Mwenzake akatazama safu yake, naye akaona si sawa. Halafu wa tatu. Mkutano ulipokwisha, akina mama watano hawakumwangalia Mama usoni, na mmoja wao ndiye aliyesimamia harusi yake. Hakulia kwenye simu. Aliniuliza tu, "Hii mashine yako inaweza kujiandikia yenyewe?"

Jamani, nimeulizwa maswali mengi na wateja, lakini hilo lilinikaa kooni.

Jumamosi alfajiri nilikuwa kwenye matatu. Nilipofika sikuomba hata chai, nikafungua faili. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni jumla. Jumla ya safu ya michango ilikuwa sawasawa na salio la benki, hadi shilingi ya mwisho. Kwa hiyo hakuna pesa iliyopotea. Kitu cha pili nilikiona baada ya kikombe cha kwanza: majina yalikuwa yamepangwa kuanzia A hadi W. Mama hakuwahi kuyapanga hivyo, aliyaandika kwa jinsi akina mama walivyojiunga, mwanzilishi akiwa wa kwanza. Hapo nikajua. Mtu alikuwa amechagua safu ya majina peke yake na kubonyeza kitufe cha kupanga. Excel hukuuliza kama unataka safu nyingine zifuatane nayo, na ukikataa, inafanya ulichoiambia. Majina yakahama, pesa zikabaki zilipokuwa. Kila mama akawa amebeba michango ya mwenziwe!

Ndugu yangu mdogo, wa kidato cha tatu, alikuwa nyumbani likizo. Nilipomtazama alianza kuchunguza kucha zake. "Nilikuwa namsaidia Mama," akasema. "Majina yalikuwa yamechanganyika." Nywila aliitoa wapi? Chini ya laptopu, wapi tena.

Nilimwambia Mama tutaanza kukusanya kadi za wanachama wote ili turekebishe. Akaingia chumbani, akarudi na kile kitabu cheusi. Hakuwahi kuacha kukiandika. Mwaka mzima alikuwa akijaza kompyuta mbele yangu na kitabu nyuma yangu, akaona afadhali asiniambie. Tulilinganisha mstari kwa mstari hadi saa saba usiku, na siku iliyofuata baada ya kanisa akaenda nacho kwa yule mama aliyemshtaki. Waliongea nini sijui. Aliporudi alikuwa na ndizi na uso uliolegea, ila alikuwa na neno moja kwangu: "Sitaki mtu mwingine aingie humo kwa jina langu."

Ndipo nikaenda Luthuli.

Kabla ya kukipeleka kwa Mama nilikijaribu kwangu. Natumia Linux kila siku, basi nikakichomeka, nikaandika lsusb, nikaona namba zake za utambulisho, nikaenda kuzitafuta katika orodha ya vifaa vinavyofahamika na libfprint. Hakimo. Ukitaka kutumia kisomaji kwenye Linux, anza na orodha hiyo kabla hujatoa pesa, kwa maana vingi vya bei nafuu vimetengenezewa Windows tu na hakuna aliyevikalia chini kuviandikia draiva. Ukibahatika chako kimo, unasakinisha fprintd, unaandikisha kidole kwa fprintd-enroll, unaiambia PAM ikitumie, na hata sudo unaifungua kwa kugusa. Ila kwenye GNOME usishangae ukiingia kwa kidole kisha mfumo ukakuomba nywila mara ya pili ili kufungua hifadhi ya nywila zako. Hifadhi hiyo imefungwa kwa nywila yenyewe, na kidole hakiwezi kuitoa nywila usiyoandika.

Laptopu ya Mama ilikuwa na Windows 10 (ambayo msaada wake ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, lakini hiyo ni makala nyingine). Windows 10 ilipotoka Julai 2015 ilikuja na Windows Hello, na hapo ndipo vidude hivi vikawa rahisi: unakichomeka, draiva inajipakua, unaingia kwenye mipangilio ya akaunti, unachagua alama ya kidole. Kabla ya kukubali kidole, Windows inadai uweke PIN. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Nilianza na kidole changu ili nimwonyeshe Mama. Gusa, inua, gusa, inua, sogeza kidogo, gusa tena. Nusu dakika tu, tayari. Nikajiondoa kwenye orodha, nikamwambia, "Haya Mama, zamu yako."

Akagusa. Skrini ikamwambia ajaribu tena. Akagusa. Ajaribu tena. Akabonyeza kwa nguvu kama anayepiga muhuri. Ajaribu tena. Nikamfutia kidole kwa kitambaa, nikasafisha kidude, nikamshika mkono mwenyewe nikamwelekeza. Ile alama ya kwenye skrini inayojijaza taratibu kadiri usajili unavyoendelea haikusogea hata kidogo. Mama akauondoa mkono wake polepole, akaufuta kwenye leso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata kule ofisini walisema sina vidole."

Sikuwa na habari. Miaka miwili nyuma alikwenda katika ofisi moja, siitaji, kutafuta huduma iliyohitaji alama ya kidole. Mashine ikamkataa, kijana wa kaunta akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba hana alama, arudi siku nyingine. Alirudi mara mbili. Hakutuambia kwa sababu aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyevipoteza vidole vyake kwa uzembe.

Nikaigeuza mikono ya Mama nikaitazama. Nimeiona maisha yangu yote na sikuwahi kuitazama. Majani ya chai yana utomvu unaopaka vidole rangi ya kahawia iliyokaribia nyeusi, na rangi hiyo haitoki kwa sabuni. Ncha za kidole gumba, cha shahada na cha kati, vile vya kukatia majani mawili na kichipukizi, zilikuwa laini kama jiwe la mtoni, na kuvuka ulaini huo kulikuwa na nyufa ndogo ndogo. Vidole hivyo vimelipa karo yangu ya chuo kikuu.

Nawaeleza kidogo kilichokuwa kikitokea ndani ya kidude. Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta na mabonde. Kihisi cha vidude hivi vidogo ni uwanja wa vipande vidogo mno vya umeme, na kila kimoja kinapima chaji. Tuta linapogusa, kipimo kinakuwa hiki, bonde likiwa na hewa katikati, kipimo kinakuwa kile. Ukivikusanya vipimo unapata picha. Kisha programu inatafuta sehemu zenye maana, hasa pale tuta linapokatika na pale linapogawanyika panda, inaandika ziko wapi na zinaelekea upande gani. Orodha hiyo ndiyo inayohifadhiwa na kulinganishwa. Sasa matuta yakisagika yakawa sawa na mabonde, hakuna tofauti ya kupima. Nyufa nazo zinaonekana kama matuta yaliyokatika, kwa hiyo programu inaona alama za uongo, na kesho ufa ukipona, alama hizo hazipo. Ngozi kavu inazidisha taabu, kwa sababu haishikamani vizuri na uso wa kihisi. Ndiyo maana maofisa wa usajili hukuambia ujipanguse kwenye paji la uso kwanza: wanatafuta mafuta kidogo. Na kidude kidogo ni kibaya zaidi, kwa kuwa kinaona kipande tu cha ncha na hakina pa kuchagua.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. Mwongozo wa Microsoft kwa wanaounda visomaji vya Windows Hello unadai mtu asiyehusika akubaliwe kwa nadra sana, chini ya mara mbili katika laki moja. Lakini mwenyewe kukataliwa? Chini ya asilimia 10 inatosha. Yaani mlango unaomkataa mwenye nyumba karibu mara moja katika kumi bado unahesabiwa kuwa mlango mzuri. Na asilimia hiyo haigawanywi sawa kwa watu wote: sisi tunaobonyeza kibodi hatukataliwi karibu kamwe, wanaobeba mawe, wanaofua, wanaochuma chai wanakataliwa kwa niaba yetu. Mitambo ya kutambua wapiga kura iliyotumika hapa nchini mwaka 2017 na 2022 angalau iliruhusu mtu kutafutwa kwa namba ya kitambulisho kidole kinapogoma. Mtu aliyepanga hivyo alikuwa amewahi kuiona mikono ya kazi. Mimi ninayeandika programu kila siku sikuwahi kufikiria, na nimelelewa na mikono hiyo.

Basi tukajaribu vidole vyote kumi, mmoja mmoja, Mama sasa akicheka. Kidole gumba cha kushoto kilisogea robo kikakwama. Vidole vidogo vya mwisho vilikubali nusu. Cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakichumi wala hakishiki jembe kwa nguvu, kilifika karibu na mwisho kabla ya kukataa. Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa ananyamaza tangu asubuhi kwa sababu zinazoeleweka, akaleta kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe. Mama akapaka usiku, akalala nayo. Asubuhi, kabla hajagusa maji, kile kidole cha pete kikakubaliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mama akafunga laptopu, akafungua, akagusa. Ikafunguka. Akafunga tena, akafungua tena. Nadhani alifanya hivyo mara nane.

Halafu akaniuliza swali ambalo wengi wetu hatuulizi. "Hicho kidole changu kimekwenda wapi?"

Usidharau swali hilo, lina historia katika nchi hii. Waingereza walitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma alichoning'iniza shingoni. Kipande ndicho kilichomwezesha mwajiri kumfuata kibarua aliyetoroka. Harry Thuku na wenzake walikipigia kelele mapema katika miaka ya 1920. Karibu miaka mia baadaye, Huduma Namba ilipokuja mwaka 2019, watu walipanga foleni wakatoa vidole tena, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi ulikwenda kinyume cha sheria kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaiweka alama ya kidole katika kundi la data nyeti. Kwa hiyo Mama akiuliza kidole chake kimekwenda wapi, haulizi kwa ushamba.

Nilimjibu ninachokijua. Kwa Windows Hello, ile orodha ya alama inabaki kwenye mashine yenyewe, haipelekwi kwa Microsoft, na wala si picha ya kidole. Baadhi ya visomaji hufanya ulinganisho ndani ya chipu yao wenyewe, vingine hutuma vipimo kwenye kompyuta ilinganishe. Kidude cha shilingi 2,500 kilichoandikwa kwenye boksi maneno makubwa ya usalama bila jina la mtengenezaji linaloeleweka, siwezi kuapa kwamba boksi linasema kweli. Nilizima intaneti nikakijaribu, kikafanya kazi, jambo linaloonyesha tu kwamba hakihitaji mtandao ili kufanya kazi. Mama alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo kiko humu." Akaipigapiga laptopu. Nikasema ndiyo, kiko humu.

Najua baadhi yenu mna jambo la kusema: visomaji hivi vinadanganywa. Kweli kabisa. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake huko Yokohama walitengeneza vidole vya jelatini, ile ya peremende, wakadanganya visomaji 11. Microsoft ilipouza kisomaji chake cha USB miaka ya 2000 ilisema wazi kwamba ni cha kurahisisha kuingia na si cha kulinda siri, na mwaka 2006 Mikko Kiviharju wa Finland akaonyesha kwamba kilituma picha ya kidole kwenye waya bila kuificha. Septemba 2013 Chaos Computer Club wa Ujerumani waliipita iPhone 5s siku chache baada ya kutoka. Na msidhani hayo ni ya zamani. Novemba 2023 Blackwing Intelligence walieleza jinsi walivyopita Windows Hello kwenye laptopu tatu, moja ya Microsoft yenyewe. Kwenye hiyo ya Microsoft hawakuhitaji hata kidole bandia. Walichomeka kifaa cha USB kilichojifanya ndicho kisomaji, kikaiambia Windows kwamba mwenyewe ameingia, na Windows ikaamini. Kama kisomaji cha mashine ya bei hiyo kilidanganywa, hiki cha kuchomeka sitakitetea.

Lakini adui wa Mama si Mjerumani mwenye gundi na kamera. Ni kijana wa kidato cha tatu mwenye nia njema. Usalama hupimwa kwa anayeweza kufika mlangoni, na kwa mlango huu wanaofika ni watu wanne na paka. Ninachokiogopa zaidi ni ile PIN niliyosema nitairudia. Kidole kikigoma, Windows inakuelekeza kwenye PIN. Ukikichomoa kidude kabisa, PIN bado ipo. Kwa hiyo mlango wako una nguvu ya PIN tu, kidole ni kengele nzuri iliyowekwa juu yake. Mama akaweka mwaka wa kuzaliwa wa mtoto fulani, ndugu yangu akacheka kabla hajamaliza, tukaibadilisha. Mara ya pili alinifukuza chumbani. Mpaka leo siijui.

Kuna jambo jingine lililonisumbua nikiwa njiani kurudi Nairobi. Hata kama kidude kingekuwepo tangu mwanzo, je, kingezuia yale yaliyotokea? Kingezuia mdogo wangu kuingia bila ruhusa, labda. Lakini siku ambayo Mama amefungua kwa kidole chake, akaenda kuangalia maziwa jikoni, laptopu iko wazi mezani. Kidole kinathibitisha nani aliyefungua. Nani aliyeandika ni swali lingine, na nani aliyebadilisha kilichoandikwa ni swali la tatu. Pale mkutanoni waliuliza hilo la tatu, na mimi nilikuwa nimenunua jibu la la kwanza.

Kwa hiyo nilirudi mwezi uliofuata nikafanya kazi isiyo na mvuto wowote. Ndugu yangu akapata akaunti yake mwenyewe, ya kawaida, isiyoona folda za Mama. Skrini ya Mama inajifunga baada ya dakika mbili. Lahajedwali nikaliunganisha kuwa jedwali moja ili ukipanga majina pesa zifuate. Kila mwisho wa mwezi nakala ya faili inakwenda kwenye flashi, na karatasi iliyochapishwa inasainiwa na kila mwanachama mbele ya safu yake. Diski haikuwa imesimbwa, maana yake mtu akiichomoa na kuiweka kwenye mashine nyingine anasoma kila kitu, kidole au hakuna kidole. Hivyo faili lenyewe nikalifunga kwa nywila. Ndiyo, nywila. Tukarudi palepale tulipoanzia! Safari hii Mama aliitunga mwenyewe, maneno manne ya nyumbani yasiyohusiana, na ameiandika ndani ya kitabu cheusi, na kitabu kiko ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo wa sanduku uko shingoni mwake.

Na kitabu bado anakiandika. Sijamwambia aache.

Kidole cha pete kinafanya kazi siku nyingi. Siku za kufua kinagoma, na wakati wa kiangazi kinagoma zaidi. Nikiwa kazini hunipigia: "Amenikataa tena leo." Anakiita yeye, kama mtu. Namwambia apulizie pumzi kidole kisha agusa taratibu, bila kubonyeza kwa nguvu, na mara nyingi nasikia kwenye simu ile sauti ya Windows ikifunguka. Ikishindikana anaweka PIN na hasikii aibu, kwa sababu hakuna foleni nyuma yake.

Mwaka jana chama kiliamua katibu naye awe na akaunti, ili faili lisifunguliwe na mtu mmoja tu. Katibu ni nani? Ni yule yule mama aliyesimama mkutanoni. Ana duka la vitambaa pale sokoni. Nilikwenda kumsajili Jumapili moja, Mama ameketi pembeni akitazama kwa makini. Yule mama akaweka kidole cha shahada cha kulia. Gusa, inua, gusa, inua. Kikakubaliwa mara ya kwanza, bila kopo la mafuta, bila kupuliza.

Mama akakigeuza kidude mkononi, akakirudisha mezani. "Huyu," akasema, "hajachuma chai hata siku moja." Wote wawili wakacheka, nami nikaendelea kubonyeza.